Musafiri, Sanamu Yako Bado Haina Macho

Rafiki yangu Musafiri,

Udongo wa kaburi lako kule Kakuma haujashikana vizuri, nami tayari nakusumbua. Nivumilie. Unajua mwalimu hata akistaafu haachi jambo bila kulieleza.

Ni ile sanamu. Yule mwanamke wa saruji uliyemsimamisha katika ua wa hoteli hapa Lodwar, kati ya nguzo zako mbili za Kiyunani, bado hana macho. Ulipanda basi kwenda Kakuma kuchukua rangi kwa dada yako, malaria ikakulaza, hukurudi.

Mwanzoni watu walicheka. Lokwang, askari wa lango, aliniambia, "Mwalimu, huyu mzungu yako wa simiti ananishinda kazi. Hakuli, halali, na haombi likizo." Sasa yeye hamtanii tena. Kiti chake amekihamishia nje ya lango.

Ilianza na Mama Ekai, muuza makaa. Aliingia na gunia, akamwona, akalitua. "Ejoka, Nakiru," akamsalimu kwa Kiturkana. Nakiru ni binti yake, alizikwa Kaikor zamani. Kesho yake Msomali mwenye duka la vitambaa alisimama palepale akimtazama marehemu mkewe. Siku hizi nakuta tumbaku miguuni pake, kama tunavyowawekea wazee wetu makaburini. Na mbuzi wa mjini, wanaogombania kila kivuli, cha kwake hawakilalii.

Maelezo nilikuwa nayo, bila shaka. Unakumbuka kile kitabu changu cha picha kilichokatika mgongo? Nilikueleza kwamba Wayunani wa kale hawakutafuta sura ya jirani, walitafuta kipimo: paji, pua na kidevu vilingane mpaka uso usiwe wa mtu yeyote. Warumi wakaiga. Karne nyingi baadaye Wazungu wakawafukua watu hao wa mawe, rangi imeliwa na udongo, macho yamefutika, wakadhani weupe ule na upofu ule ndio uzuri wenyewe. Wakaujaza katika mahakama na majumba ya wafalme, na nguzo zake zikafika hata kwenye benki za Nairobi. Uso usio wa mtu, nikawaambia watu hapa, kila mmoja huujaza kwa mtu wake. Ni hilo tu.

Walinisikiliza kwa heshima. Kisha Mama Ekai akaniuliza, "Mwalimu, nyumba kama haina mwenyewe, nani anaingia?"

Jibu ulikuwa nalo wewe. Nilipokuhimiza umalize macho, ulicheka huku ukipangusa mwiko: "Bado, Mwalimu. Macho ni ya mwisho. Mutu akisha pata macho, anaenda kwao." Nilidhani ni mzaha wa mafundi wa kwenu Kongo.

Jana adhuhuri nilikwenda nikaweka kiganja shavuni pake. Musafiri, saruji ilikuwa baridi. Hapa Lodwar, adhuhuri, saa ambayo komeo la mlango huunguza vidole. Nilipoinua uso, aliyesimama pale hakuwa mwanamke. Ulikuwa wewe, na lile tabasamu lako la upande mmoja. Picha yako sina hata moja. Nikakaa. Nilikaa mpaka Lokwang akaita kutoka nje, "Mzee, toka huko sasa!"

Wageni wanahama, na mwenye hoteli amesema: macho kufikia Jumapili, au nyundo. Rangi zako dada yako amenitumia kwa basi, ziko mezani hapa. Nazikwepa. Nyundo siitaki. Lakini nikimpa macho, Nakiru ataondoka. Mke wa Msomali ataondoka. Na wewe.

Nilimwendea Mama Ekai, maana naye ana wake pale. Alifunga mdomo wa gunia lake. Kisha akasema, "Weka, Mwalimu. Wamesimama sana."

Basi kesho nitapanda ngazi yako. Macho hayataangalia langoni, nakuahidi. Nitayaelekeza magharibi, juu ya milima, kwenu. Nitaanza na la kulia, taratibu, nikieleza kila ninalofanya kama nilivyozoea, nawe hutalazimika kuitikia. Tumbaku nitakuwekea.

Likibaki jicho moja, nitangoja kidogo. Kisha nitalipaka.

Nenda salama, ndugu yangu.

Mwalimu Ewoi