Mpira Umebadili Mkono

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua. Mimi mwili hauna neno, nakula na kulala, ila moyoni si salama. Ndiyo sababu naandika mwenyewe badala ya kumwachia dada, mwandishi wetu wa siku zote.

Unamkumbuka msimamizi wetu hapa machinjioni, yule tuliyempa jina la Bwana Mpira. Alitembea na kipande cha mpira wa maji, na ukichelewa kuchuna ngozi kilikushukia mgongoni kabla hujajua kosa lako. Mzee anayeosha matumbo alipigwa mpaka akajikojolea mbele yetu. Siku hiyo nikasema liwalo na liwe. Shemeji, mume wa dada, alinivuta kando akaniambia zimwi likujualo halikuli likakwisha, tutulie. Nikamcheka. Nikawaambia wenzangu kwamba hata angeletwa shetani mwenyewe asingemzidi huyu.

Tulimvamia asubuhi, ng'ombe wa kwanza akiwa bado ananing'inia. Sitakuficha, tulimpiga vibaya. Tulimburuta kwenye mtaro wa damu, tukamvunja mbavu, na meno yake mawili yalibaki sakafuni hadi tulipomwaga maji. Tajiri alipokuja hakufoka wala kuita polisi. Aliuliza tu nani aliyeanza, na waliponinyooshea kidole, usimamizi akanipa mimi. Nawe ulipopata habari ulizitangaza mtaa mzima, kwamba mwanao amekuwa bosi.

Wiki ya kwanza niliwabembeleza. Wakaniita bwana harusi, wakavuta sigara huku nyama ikingoja. Tajiri akanionya kwamba ikichelewa tena, naondoka mimi. Nikauokota ule mpira pale ulipotupwa, nikajiambia ni wa kutishia tu. Mama, niliuzoea haraka mno. Bwana Mpira alipiga mgongo. Mimi nilipiga popote. Mzee wa matumbo nilimvunja kidole, naye akasema mbele ya watu kwamba anamtamani yule wa zamani.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Dada alikwambia kwamba shemeji aliteleza akaangukia kulabu, na jicho la kushoto likapotea. Hakuteleza. Alinijia kwa upole kuniambia nimezidi, na watu walikuwa wanasikiliza. Kulabu ilikuwa mkononi mwangu. Jicho sikulikusudia, lakini kupiga nilikusudia. Ile habari ya kuteleza aliitunga yeye mwenyewe, ili dada asimpoteze mdogo wake. Na dada ananishukuru kwamba nilimbeba mumewe hadi hospitali. Naona aibu, mama, aibu ya kutamani ardhi inimeze.

Nilidhani hapo nimefika mwisho, kwamba baada ya jicho la shemeji mkono huu utaogopa. Jana nimempiga mkata mifupa hadi akazimia. Kosa lake ni kunitazama.

Shemeji anatoka hospitali keshokutwa, na Jumatatu anarudi kazini, chini yangu, kwa kuwa hana kwingine. Juzi nilipomtembelea niliinua mkono nimwekee mto vizuri, akajikinga uso. Dada alikuwepo. Alicheka, akadhani ni utani wetu wa mashemeji.

Njoo uwachukue wote wawili kabla ya Jumatatu. Usipitie kwangu, nenda moja kwa moja kwao, umsomee dada barua hii. Na ukinikuta mlangoni nalia, naapa kwamba nimebadilika, nakuomba uwaache wabaki, usinisikilize.

Nisalimie shangazi na baba mdogo, na majirani wote wanaoniulizia.

Ni mimi,
kitinda mimba wako.