Kitabu cha Kuku cha Riziki

Jumatatu, 6 Mei
Bahati ya Likasi yote imekaa katika mkono wangu wa kuume. Si majivuno, ni habari. Soko zima linajua. Nafunga macho, naingiza mkono ndani ya balo la mitumba, kile ninachokamata kwanza ndicho kizuri kushinda vyote. Koti la ngozi, nimelitoa hivyo. Viatu vya bwana harusi, vyote viwili. Nimefika Ndola, nimefika Dar es Salaam, sijaona mkono kama huu.

Leo mkono una kazi nyingine. Riziki, mjukuu wangu, ana miezi kumi na saba na hasemi neno. Hata "ma". Treni ya kiwanda cha Shituru inapita nyuma ya nyumba, sahani zinacheza, yeye hageuki. Tumempeleka dispensari. Mama muuguzi amesema pengine ni masikio, tangu alipougua malaria. Turudi Ijumaa. Asipogeuka kwa sauti, apelekwe Lubumbashi kupimwa. Kwa sasa tumwonyeshe vitabu vya picha, tumtajie kitu kimoja kimoja.

Vitabu? Nina balo zima la vitabu. Nililinunua nikidhani ni mashuka. Bahati tena.

Jumanne, 7 Mei
Nimechagua kama ninavyochagua koti. Uzito, mshono, harufu. Kimetoka kitabu kinene cha Kifaransa, maandishi ya dhahabu, picha mbili tatu ndani. Kitabu cha mtu mkubwa. Vile vidogo vya karatasi ngumu, picha moja tu kila ukurasa, nimevitupa kwenye rundo la kuwashia makaa ya mbabula. Anayeuza kitabu bila maneno anauza gunia tupu.

Nikakaa mbele ya Riziki, nikasoma kwa sauti kama mwalimu wangu wa darasa la tatu, ambaye ndiye mwalimu wa mwisho kuniona. Mke wangu, Mama Zaina, akapita na ndoo.

"Unamusomea nani? Picha zinakuangalia weye."

Kweli. Mtoto alikuwa anaona jalada tu. Nikakigeuza. Akalamba dhahabu. Akalala.

Jumatano, 8 Mei
Kitabu cha pili. Wanyama. Kikubwa kama mlango, kila ukurasa wanyama arobaini, wamebanana kama abiria juu ya lori. Kuna ndege amevaa koti jeusi na anatembea juu ya barafu. Jina lake silijui. Nimemwambia Riziki ni bata wa Wazungu. Akachana ukurasa. Sikumlaumu. Hata mimi macho yalichoka.

Nimepiga makofi nyuma yake. Hakugeuka, aliendelea kuchana karatasi.

Nina hofu. Naandika mara moja, sirudii. Zaina, binti yetu, mama wa mtoto, anapikia wachimbaji chakula kule Kambove, anarudi Jumamosi. Alituachia mtoto anayesikia. Nitamrudishia nini?

Alhamisi, 9 Mei
Mkono umefanya kazi. Macho yamefungwa, mara moja, kikatoka. Kitabu kidogo kama kiganja. Karatasi ngumu, kona moja imetafunwa na mtoto wa nchi nyingine. Kuku. Kiatu. Sufuria. Mpira. Kijiko. Basi, kimekwisha.

Riziki hakutaka kukaa nami. Alitaka mgongo wa bibi yake. Mama Zaina akamfunga na kitenge, akaenda kusonga bukari ya unga wa mahindi. Ningefanya nini? Nikafuata nyuma na kitabu. Akienda kwenye maji, naenda. Akiinama kupepea moto, nainama. Mtu aliyefika Dar es Salaam.

"Kuku," nasema. Naonyesha. "Kuku."

Mara ya tano au ya sita, kidole kikatoka kwenye kitenge. Kikakaa juu ya kuku.

Lakini kidole ni kazi ya macho, mimi si mjinga. Nikaficha kitabu. Nikazunguka upande wa pili, nyuma ya kisogo chake. Nikasema polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha nyumba: kuku.

Akageuza kichwa. Shingo yote. Akawa anamtafuta kuku.

"Mama Zaina, simama."

"Nasimama namna gani? Bukari inaungua."

"Simama, mama."

Nikarudia upande mwingine. Akageuka tena. Mama Zaina aliona kivuli cha kichwa ukutani, akaachia mwiko. Bukari ikaungua. Tumekula hivyo hivyo, nyeusi chini. Sijakula tamu kama hiyo.

Ijumaa, 10 Mei
Dispensari. Mama muuguzi alisimama nyuma ya Riziki, akagonga kijiko kwenye kikombe. Kulia, akageuka. Kushoto, akageuka. Akaita jina lake kwa sauti ndogo. Akageuka.

Masikio mazima. Lubumbashi hatuendi. Maneno yatakuja, amesema, ila mumusemeshe kila siku.

Nikauliza habari ya treni.

"Kambo, weye babu yake, unageukaga treni ikipita?"

Sigeukagi. Nimezaliwa nayo. Riziki pia. Nimecheka mpaka nikakaa kwenye benchi la wajawazito. Walisogea kunipa nafasi bila kuuliza.

Tukirudi nikapita sokoni. Nimewaeleza wote: kitabu kilichomgeuza mtoto, huu mkono ndio uliokitoa. Mama wa nyanya amenipa mbili kubwa, heshima ya mkono. Nimezipokea.

Jumapili, 12 Mei
Zaina alifika jana mchana. Tulimwambia yote, hofu na mwisho wake. Akampakata Riziki, akafungua kitabu.

"Ko," akasema Riziki. Kidole juu ya kuku.

Zaina akalia kidogo. Kisha akala.

Baadaye akauliza nani alichagua kitabu hiki. Mama Zaina alinitazama, akaendelea kuchambua matembele. Mimi nikakohoa.

Leo nyumba imetulia. Wanalala wote watatu, mkeka mmoja, kitabu katikati.

Basi niandike. Mkono wangu hauna bahati. Alhamisi sikufunga macho, sikugusa balo. Kitabu cha kuku nilikuwa nimekitupa kwa kuwashia moto. Mama Zaina ndiye aliyekitoa kwenye rundo, akakipangusa kwa kitenge, akaniwekea kwenye goti.

Na lile koti la ngozi, nililitafuta asubuhi nzima, macho wazi.