Ngazi ya Dungu la Bibi

Dunguni kwa Bibi,
Mohoro.

Kwako kaka Twalha,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute huko Kiongoroni unakokata mikoko ukiwa mzima, na lile jeraha la panga mguuni limefunga. Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi, ingawa tumechoka. Simu yako haipatikani, na haya si maneno ya kusemwa kwa kupayuka, kwa hiyo nampa Dulla wa boti akufikishie.

Mpunga wa Bibi umechelewa mwaka huu, maana maji yaliichukua mbegu ya kwanza tukapanda tena. Sasa ndio una maziwa, na ndege hawatupi nafasi. Alfajiri tunapanda dunguni, juu ya kichanja chetu cha nguzo nne, yeye anatazama upande wa mto, mimi upande wa kichaka, tunaamia ndege kwa kelele mpaka jua linazama. Sauti yangu imekauka kama ya mzee.

Majina ya kidato cha tano yametoka, kaka. Nimepangiwa shule ya bweni Songea, na natakiwa kuripoti kabla hatujavuna. Bibi alipiga kigelegele, kisha akanikumbusha taratibu kwamba mpunga wenye maziwa ni mzazi, na mzazi haachwi peke yake.

Siku chache baadaye alirusha bonge la udongo kwa kombeo, likampata jirani yetu Mzee Nassibu begani. Mzee akasema ameitwa majina mengi Mohoro hii, lakini ndege bado. Bibi akamjibu kwamba anayekula mpunga wa watu kwa macho naye ni ndege. Wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu Mzee Nassibu alikuwa amevaa kanzu nyeupe na jua lilikuwa limewaka.

Tangu hapo nikawa namwangalia Bibi. Anaamia kwa masikio. Ndege wakila kimya, hajui. Akishuka, anakitafuta kila kipandio kwa kidole cha mguu. Nilipomuuliza, alikiri kwamba jicho moja limezimika na jingine linaona moshi tu. Akanisihi nisikwambie, kwani utamhamishia Kibiti kwa shangazi Sabra, akalishwe mkekani aletewe uji kama mwali. Nikamwahidi.

Nilikwenda zahanati kuuliza. Mganga akaniambia huenda ni mtoto wa jicho, utando ambao hospitali wanautoa, ila aende apimwe mapema. Bibi akasema atakwenda baada ya mavuno. Mavuno yakiisha atasema baada ya kupanda, wewe unamjua.

Nimefikiri mpaka kichwa kimechoka kuliko mikono. Nikibaki, nafasi yangu ya shule inapotea na Bibi anaendelea kuficha. Nikiondoka na siri yake, nitakuwa nimemwacha kipofu juu ya nguzo nne. Mwalimu wetu alikuwa akisema uamuzi mgumu hauna upande usiouma. Nilidhani ni maneno ya darasani tu.

Basi kaka, ahadi nimeivunja, kama unavyosoma. Shule nitakwenda. Nakuomba uiache mikoko kwa muda, uje uamie huu mpunga, ili shangazi Sabra ampeleke Bibi hospitali kabla sijaondoka. Sijui kama utaweza. Najua unayoyaacha huko.

Sikutaka kukuandikia kwa kujificha, kwa hiyo leo asubuhi nilimwambia Bibi. Ndege wakatua upande wake, wakatua na upande wangu, na hakuna kati yetu aliyepiga kelele. Mwishowe akaniuliza kama bahasha nimeshaifunga. Nikamwambia bado. Akasema basi nikuandikie uje na miti miwili ya mkoko, mirefu, iliyonyooka, maana ngazi ya dungu imechoka. Vipandio uvifunge karibu karibu. Na macho yake yakirudi, atakuonyesha ulipofunga vibaya.

Mzee Nassibu anakusalimu, anasema bega halijambo. Bibi hajasema nikusalimie, ila amekaa hapa pembeni yangu mpaka nimalize kuandika.

Ndimi mdogo wako,
Zuhra