Sauti ya Mama Elinuru

Jumatatu, 3 Februari
Nimefungua duka la vitenge hapa Sakina, nimefagia, kisha simu sikioni. Nasikiliza mahojiano aliyorekodi mwanangu Aika. Anasoma uzamili, anachunguza jinsi watu wanaodai haki wanavyopanga maneno. Sasa ni wanawake wa kijiji cha Kikwe wanaodai maji ya mfereji kwa mashamba yao. Wanachanganya Kimeru, na Aika amekulia mjini. Mimi Mmachame, lugha zetu ni ndugu, naelewa karibu yote, namwandikia kwa Kiswahili. Darasa la saba, lakini chuo kinanitegemea. Nani mwingine barabara hii?

Jumatano, 5 Februari
Leo sauti ya Mama Elinuru, kiongozi wao. Huyo mwanamke anajua kusema. Aika kanionyesha: anasema "sisi" kabla hujakubali kuwa mwenzake, ukishtuka uko ndani. Katikati anamsema mwenyekiti wa maji, shemeji yake mwenyewe. Eti anamfungulia mwekezaji maji kwa siri. Aika aliwaahidi wanawake hao kwamba sauti hazitatoka kwetu.

Alhamisi, 6 Februari
Nimeituma sauti hiyo kwenye kundi la kwaya. Nilitaka wasikie mwanangu anavyouliza, taratibu kama wakili. Ahadi niliikumbuka. Nikajisemea kwaya ni watu wa Mungu. Wamesifu mno. Nilifurahi siku nzima.

Jumapili, 9 Februari
Imefika Kikwe. Mwenyekiti ameisikia. Mama Elinuru ameondolewa kwenye zamu ya maji, na maharage yake ndiyo kwanza yanatoa maua.
Aika aliniuliza, "Mama, ni wewe?"
Nikasema watu wana midomo. Nimemdanganya mtoto wangu, na gauni la kanisani bado mwilini.

Jumatatu, 10 Februari
Nimemwambia ukweli. Hakufoka. "Kikwe wamenifungia mlango, mama. Na wana haki."
Bora angefoka.

Jumanne
Sijala vizuri. Wateja wananichosha.

Jumamosi, 15 Februari
Kwetu ukikosea sana unapeleka jani la isale. Aliyekosewa akiliona, ni vigumu kukataa kusamehe. Wameru nao wanalijua. Nimechuma kwa jirani, nikaenda Kikwe peke yangu.
Mama Elinuru alikuwa na wenzake. Akanitazama juu mpaka chini. "Kumbe ndiwe mama wa msomi. Una mdomo kunishinda mimi."
Wakacheka. Mimi sikuweza.
Akalipokea jani. "Nimekusamehe, dada. Ila maharage hayajui isale."
Akanipeleka shambani. Ardhi imepasuka. Maua yote chini. Zamu hajarudishiwa, na hajui kama atarudishiwa.

Jumapili, 16 Februari
Aika amefuta sauti zote za Kikwe. Anaanza na kikundi kingine, hajaniambia kipi. Sijamwuliza.
Kabla ya ibada wanakwaya wakanizunguka, wakauliza, msomi wetu amefikia wapi? Nikasema hajambo. Nikafungua kitabu, nikatafuta wimbo.