Kwetu Mgonjwa Haachwi Chini

Dada Velediana,

Shikamoo. Ukisikia tumeshindwa vita hivi, ujue siku hiyo mimi nilikuwa naumwa mafua. Bila mimi na pikipiki yangu, barua za serikali hazitoki Biharamulo wala dawa hazifiki Nyantakara, na wanajeshi wenyewe wakiniona napita wanaacha kula. Wewe hujambo? Kifua cha mama kimepoa? Mtoto ameota meno, au bado anamng'ata bibi yake kwa fizi?

Huku walitukusanya waendesha pikipiki wote tufundishwe huduma ya kwanza, maana malori ya jeshi yamechimba barabara na tulikuwa tunadondoka kama ndizi mbivu. Mwalimu ni mganga wa zahanati, Msubi mmoja mkali. Alitufundisha kuzuia damu, kufunga mfupa uliovunjika kwa vijiti, kuweka matawi barabarani ili magari yasimame. Mimi wa darasa la nne niliwapita wa darasa la saba. Nilimfunga balozi wetu wa nyumba kumi mguu mzima kwa majaribio, akachechemea hadi kwake. Mkewe akaja juu: "Wewe Mhangaza, mume wangu alikuja na miguu miwili, unanirudishia mmoja na nusu?" Mumeo Damiani alicheka mpaka akakaa chini.

Mganga alikuwa na neno lake la kila siku. "Aliyeanguka na pikipiki msimwinue. Mshikeni kichwa, shingo isigeuke, mniite."

Nikamwambia, "Mzee, kwetu Ngara mgonjwa haachwi chini. Kumwacha ni kumtukana."

"Basi mtukaneni, apone."

Umeuliza katika barua yako shemeji Damiani alianguka vipi. Ni kama alivyokueleza yule dereva wa basi aliyekuletea habari. Lori lilitimua vumbi, hakuliona shimo, pikipiki ikamrusha. Nilikuwa nyuma yake. Niliweka matawi, nikamtuma mtu kwa mganga, nikapiga magoti na kumshika kichwa kama nilivyofundishwa. Akaniambia, "Shemeji, usinifunge kama balozi." Tukacheka wote wawili.

Watu wakatoka mashambani, wengi wao wa kwetu waliohamishiwa kijiji kipya cha huku. Wakaja na ingobyi, ile machela ya kusuka tunayobebea wagonjwa mabegani. Mzee mmoja akaniuliza, "Huyu si shemeji yako? Unamlaza vumbini kama mbuzi aliyegongwa?" Wakanitazama wote. Mganga alimkuta njiani, ameshabebwa.

Sasa yuko hospitali. Anakula, anakutaja. Miguu bado haijaamka, daktari anasema tungoje.

Msalimie mama, blanketi lake linanifaa. Msalimie babu, mwambie mvivu wake anaamka kabla ya jogoo. Msalimie mjomba mhunzi. Mtoto mshike kwa niaba ya baba yake.

Dada, dereva alikuambia ni shimo. Yeye hakuwepo. Shimo lilimwangusha tu. Alipolala pale vumbini kiatu kimoja kilikuwa kimemtoka, na vidole vya mguu vilikuwa vinacheza. Niliviona. Lakini wale watu walikuwa wananitazama, nikaona aibu. Aliyesema "Haya, tumwinue" ni mimi. Nilimshika kwapani mwenyewe, shingo ikalala upande, akaniuliza, "Shemeji, miguu yangu mmeiacha wapi?"

Mdogo wako,
Gervasi