Baba Nyemo, Mtungi Wako Ungali Mlangoni

Mume wangu Baba Nyemo,

Mimi na mtoto hatujambo. Wewe sikuulizi hali, maana mjumbe wako amesema umenenepa. Karani wa jumbe atakayekusomea haya namsalimu, na namwomba asome kwa sauti, asiruke mahali kwa kukuonea haya. Walio karibu nao wasikie, kwa kuwa uliwaambia umerudi Bahi kwa sababu ng'ombe wa baba yako wanaumwa. Ng'ombe hawakuumwa. Ulikikimbia chuo cha misheni, na kilichokukimbiza ni mtungi wa maji.

Unakumbuka siku tulipofika? Njia nzima ulitangulia na mkuki wako, nywele umezisuka na kuzipaka udongo mwekundu, ukisema, "Nikitoka hapa, hata Mdachi wa boma ataniita mwalimu." Nami nyuma yako, mtoto mgongoni, uwele kichwani, nikakuamini. Tukapewa kile kijumba cha wanafunzi wenye wake. Asubuhi yake ukapanda juu kuanika uwele, kama tunavyoanika kwetu juu ya tembe, lenye paa bapa la udongo. Hukutazama kwamba lile ni paa la nyasi, limeinuka katikati. Uwele ukateremka, nawe ukaufuata. Wanafunzi wenzako waliotoka Mpwapwa walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi pia nilicheka, na kuku walishiba. Wengine wote walisahau kabla ya jua kuzama. Wewe ulinuna mpaka mwezi ukaandama.

Ikaja habari ya maji. Pale chuoni kila mwanafunzi huteka yake, awe na mke au asiwe naye. Ukaniambia, "Mwanamume habebi maji. Na nywele hizi je, nizitwishe mtungi?" Basi nikateka wa kwako na wa kwangu, alfajiri, wewe ukijificha kwenye miiba karibu na njia. Nikifika hapo unaupokea mtungi, unaingia nao uani kama shujaa aliyetoka vitani. Jirani yetu akakuuliza, "Ndugu, leo umeteka?"

"Nimeteka."

"Mbona miguu yenye matope ni ya mkeo?"

Kesho yake ulikuwa umekwenda. Mkuki uliubeba. Mtungi uliuacha mlangoni. Mtoto na mimi tulikuwa tumelala.

Niliona aibu, sikufichi. Mwalimu mkubwa alikuja akasimama nje, akauliza, "Mwanafunzi wa nyumba hii yuko wapi?" Nyumba ni ya mwanafunzi, na mke peke yake hana haki ya kukaa. Nikamjibu, "Ni mimi, Bwana." Wanaume wakaguna. Bibi, mke wake, anayetufundisha wanawake kusoma mchana, akamwambia aniache mpaka mavuno. Mavuno yakifika, nitasimama mbele ya wote nisome kitabu. Nikisoma vizuri, nyumba ni yangu, na nitafundisha watoto wa kike. Nikishindwa, nitafunga mkeka wangu niondoke.

Sasa mjumbe wako ananiambia nirudi upesi, ama sivyo mama yako atakuja kumchukua Nyemo, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walilipwa. Walilipwa, sikatai. Lakini wewe Mgogo gani, usiyejua kwamba mtoto hatolewi kwa mama kabla hajaacha ziwa? Nyemo ananyonya kama ndama. Mavuno yatamkuta bado ananyonya. Mama mkwe nampa shikamoo yake. Akija atapata uji na mahali pa kulala, na mjukuu atambeba hapahapa. Wewe unayemtuma bibi kizee atembee nyika yote kwa sababu unaogopa kuchekwa na watu wa Mpwapwa, nikuite nani?

Hata hivyo kuna siku moja sijaisahau. Ulikaa nje na kijiti, Nyemo katikati ya miguu yako, ukaandika jina lake mchangani. Uliandika polepole, ulimi umeutoa nje. Ulipomaliza, kuku akapita juu yake akaparua. Nikadhani utakasirika. Ukamwambia mtoto, "Usilie, mwanangu, baba anajua kuliandika tena." Ukaliandika tena. Mtu yule ndiye niliyeolewa naye. Huyu wa kujificha kwenye miiba simjui, wala simtaki nyumbani kwangu.

Mtungi wako ungali mlangoni, sikumpa mtu. Maneno ya kutumwa sitayapokea tena, ya mjumbe wala ya karani. Andika wewe, kwa mkono wako. Najua ulikimbia kabla hujafika mbali katika kusoma, lakini jina la mwanao unalijua. Andika hilo tu, nami nitaelewa kwamba unakuja. Siku ya kwanza nitakutekea maji, kwa kuwa utakuwa umechoka na njia. Siku ya pili utateka mwenyewe, mchana, watu wakiona.

Ni mimi, mwanafunzi wa nyumba ile,
Mama Nyemo