Kinamasi Tulichokipalilia

Jumatatu, 3 Machi

Baba Chebet,

Tumepalilia tena kinamasi. Wanawake wote wa kikundi, kila mmoja na jembe lake. Safu za matete tuliyoletewa na kampuni zimenyooka kama za shamba la chai. Mimi ndiye niliyeshika kamba. Katikati ya safu hakuna hata jani. Matope bado yananuka mafuta, mwaka mzima tangu bomba la kampuni lipasuke. Mgongo unauma.

Jumatano, 5 Machi

Matete ya kampuni yanakauka. Mwenyekiti wa kikundi anasema tuongeze mbolea. Tumeongeza. Ng'ombe bado tunawapeleka mtoni, mbali.

Koti lako liko nyuma ya mlango. Mfukoni mna kamba ya ndama. Miezi mitano tangu tukuzike, sijaitoa.

Jumamosi, 8 Machi

Mama Akinyi wa kiwanda cha chai alishuka kuniona. Yeye alizaliwa kando ya ziwa. Alitazama rundo la magugu tuliyong'oa, akainua moja kwa mzizi.

"Mama Chebet, haya ndiyo matete. Yalikuwa yanarudi bila nyinyi."

Nikalipokea, nikaugeuza mzizi mkononi. Yeye akatikisa kichwa.

"Watu wa chai! Hata mbinguni mtaingia na jembe."

Tulicheka. Kisha nikalia.

Wiki ile ya mwisho ulisema kitandani: kiacheni kinamasi kipumue. Nilidhani ni homa. Nikakubadilishia kitambaa cha maji kwenye paji la uso, nikakuambia ulale. Najichukia.

Alhamisi, 13 Machi

Msimamizi wa kampuni amekuja na fomu. Hakukanyaga matope. Alisimama juu barabarani, akatazama safu, akasema pamependeza. Jirani wa kinamasi akitia sahihi, kazi imekwisha, wao wanaondoka. Jirani ni mimi.

Nimekataa. Nimesema mbele ya wote kwamba tuling'oa kilichokuwa kinapona, na kwamba mimi ndiye niliyewaonyesha namna ya kupalilia. Kampuni ilileta miche. Haikuleta mtu wa kutuambia lolote.

Mwenyekiti akasema, "Mama, huzuni imekuharibia kichwa." Wengine wakainamisha macho. Wamechoka, wanataka haya mambo yaishe. Hata mimi nataka.

Fomu imerudi bila sahihi. Sioni fahari yoyote. Ni hasira tu, na nusu yake ni juu yangu mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani nimekaa benchi peke yangu. Mchungaji alinisalimia haraka.

Mvua kidogo mchana. Mimi na Mama Akinyi tumechambua lile rundo. Mengi yameoza. Mizizi iliyokuwa bado mibichi tumeirudisha matopeni, popote kidole kilipozama. Mikono inanuka mafuta, sabuni haisaidii.

Labda itashika. Labda haitashika. Sitaigusa tena.

Chebet amepiga simu, anasema niende nikae kwake. Nimemwambia bado.

Huko uliko, unikumbuke.